Maswali ya Wasomaji: Simba Nje, Sisi Ndani ya Gari

Likizo ya kiangazi ya shule za Uingereza inakaribia, na barua nyingi zinatuuliza habari za bustani za wanyama za kupita na gari, zile zilizomo ndani ya mashamba ya malodi wa Kiingereza. Inayotajwa zaidi ni Longleat, mkoani Wiltshire, karibu na mji wa Warminster, kwa hiyo tumeifanya mfano. Masharti na ratiba hubadilika kwa msimu. Soma ya bustani unayokwenda kabla hujafunga safari.

Tumbili watalifanya nini gari letu?

*Habari za kazi wahariri. Tunakwenda Longleat na watoto watatu. Gari letu lina miaka 12. Mume wangu anasema tumbili watalinyonyoa kama kuku. Anatania, au ni kweli?*
*Mama wa watatu, Leicester*

Salama, dada. Hatanii, ila unaweza kupunguza hasara kwa kiasi kikubwa.

Tumbili wa Longleat ni jamii ya rhesus, asili yao Asia. Nyani wenyewe, wakubwa na wenye nguvu zaidi, utawakuta Knowsley karibu na Liverpool. Wote wana vidole kama vyetu, na kutwa nzima hawana kazi nyingine. Mtazame mmoja akiwa juu ya boneti. Mkono wa kushoto unainua mkono wa waipa, wa kulia unapapasa ukingo wa raba mpaka ukucha upate pa kuingia. Akishaipata ncha anaitia mdomoni, anaiuma, kisha anajivuta nyuma kwa uzito wake wote. Raba inachomoka kwenye reli yake kama utepe. Ikigoma, anahamia kitu cha pili. Hana ugomvi na gari lako; anatafuta kinachonesa, kinachovutika na kinachotafunika.

Sasa lizunguke gari lako kwa jicho hilohilo. Raba za waipa. Antena. Nozeli za kurushia maji kioo cha mbele. Raba za kingo za vioo. Vifuniko vya skrubu za namba ya gari, vifuniko vya valvu za tairi, nembo iliyobandikwa kwa gundi, pambo za plastiki juu ya matairi. Gari lenye umri huumia zaidi kwa sababu raba yake imekauka, gundi imelegea na klipu za plastiki zimekuwa kavu kama biskuti. Kipimo ni rahisi: vuta kila kitu kwa vidole viwili. Kinachocheza mkononi mwako, tumbili atakitoa.

Antena nyingi za paa hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Ifungue nyumbani uiweke ndani. Sanduku la mizigo la juu ya paa liache kabisa. Nyani wa Knowsley walishajifunza kuyafungua na kutawanya nguo za watu barabarani. Kibebeo cha baiskeli nacho kibaki nyumbani. Ukiazima gari kwa ndugu, lisiwe lile lenye paa la turubai, maana kwenye eneo la wanyama halitaruhusiwa.

Ukishaingia, usikae mahali pamoja. Anayesimama kupiga picha dakika kumi ndiye anayetoka bila waipa. Tambaa polepole, nyuma ya mwenzako, ukimwachia nafasi ya gari moja na nusu. Tumbili akipanda, usiwashe waipa kumtisha. Ataidaka, na mota inayolazimisha kusukuma huku mkono umeshikwa huunguza fyuzi au huvunja meno ya gia zake. Usishike breki ghafla, utamwangusha mbele ya tairi. Na kioo kisifunguliwe hata upana wa kidole. Hapa si suala la kunyang'anywa simu tu: rhesus huweza kubeba virusi vya herpes B, ambavyo yeye mwenyewe havimsumbui sana, lakini mtu akiumwa au kukwaruzwa na vikampata vinaweza kumuua. Hutokea kwa nadra sana, na hiyo nadra inalindwa na kioo kilichofungwa.

Beba jozi moja ya raba za waipa za saizi ya gari lako. Ukitoka huko ukakuta moja imeondoka na mvua ikaanza, usiwashe ule mkono mtupu. Chuma kitachora kioo kwa duru chache tu, na kioo cha mbele ni ghali kuliko raba mara nyingi.

Habari ya bima: bustani huandika wazi kwamba kwa tumbili unaingia kwa hiari yako. Ipigie kampuni yako simu kabla ya safari uulize mambo matatu. Je, uharibifu wa wanyama unafidiwa? Kiasi cha kwanza ninachobeba mwenyewe ni shilingi ngapi, au tuseme pauni ngapi? Na nikidai, punguzo langu la miaka bila madai linapotea? Mara nyingi utagundua kwamba raba mbili na antena ni bora ulipe mfukoni ukae kimya.

Na ukifika pale moyo ukasita, Longleat ina njia ya pembeni inayowakwepa tumbili. Wanyama wengine wote utawaona vilevile.

Gari likichemsha katikati ya simba

*Asalaam aleikum. Gari langu la gia za mkono huchemsha kwenye foleni siku za joto. Nikikwama kwenye eneo la simba nafanyaje?*
*Msomaji, Reading*

Waaleikum salaam. Kwanza, kaka, gari linalochemsha kwenye foleni usilipeleke kabla ya kulitengeneza, kwa maana njia yote ya wanyama ni foleni. Mwendo ni maili 5 hadi 10 kwa saa, yaani kilomita 8 hadi 16. Barabarani upepo unaolikabili gari ndio unaopoza rejeta. Ukitambaa, kazi yote inabaki kwa feni. Feni iliyokufa inaweza kujificha miezi mingi kwa mtu anayeendesha barabara kuu, ikaja kujulikana mbele ya simba.

Ipime nyumbani. Injini ikiwa baridi kabisa, angalia maji ya rejeta yako kati ya MIN na MAX kwenye chupa yake. Washa gari, washa kiyoyozi, liache linguruma pale pale dakika 15 hadi 20. Feni lazima uisikie ikiingia, na mshale wa joto usimame katikati bila kupanda. Usipoisikia, mpelekee fundi aangalie fyuzi, rilei, swichi ya joto na mota ya feni, kwa mpangilio huo, kuanzia cha bei rahisi.

Klachi nayo huungua huko. Madereva wengi hubaki nusu klachi wakisogea hatua mbili mbili. Usifanye hivyo. Subiri nafasi ya magari mawili ifunguke mbele yako, ingia gia namba moja, achia klachi yote, sogea, simama, rudi huru. Ukisikia harufu ya kitu kama karatasi iliyoungua, umeshachelewa kidogo. Weka huru uipumzishe.

Mshale ukipanda ukiwa ndani, zima kiyoyozi, kisha washa hita joto la mwisho na feni yake mwendo wa mwisho. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inaondoa joto kwenye injini. Mshale usiposhuka, simama, zima injini, washa taa za hatari, piga honi, kaa. Usifungue boneti. Usifungue mlango kumwangalia jirani. Kwenye eneo la wanyama wakali huwa kuna mlinzi ndani ya gari lake anayetazama muda wote. Atakuja ubavuni, atawasogeza simba, na ama atakuvuta au atawahamisha watu wako. Pancha ni hivyohivyo: hakuna kushuka kubadilisha tairi, hata kama simba wote wamelala.

Jambo moja linasahaulika sana. Magari mengi hujifunga milango yakianza kwenda, na baadhi ya yale ya otomatiki hujifungua yenyewe ukiweka P au ukizima injini. Jaribu la kwako nyumbani ujue tabia yake. Kisha, kabla ya geti la simba, bonyeza kufuli ya milango kwa mkono, weka kufuli ya watoto kwenye milango ya nyuma, na zima vioo vya nyuma kwa swichi ya dereva. Kama gari lako lina mfumo wa kujizima kila ukisimama, uzime, kwa sababu injini ikilala kiyoyozi nacho hulala, vioo vyote vinajaa ukungu na hamwoni kitu.

Mwenye gari la umeme hana la kuchemsha. Aingie tu na chaji ya kutosha ya kurudi nyumbani.

Mbona masharti yao ni makali kuliko ya kwetu?

*Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Nimealikwa Uingereza na mteja wangu wa zamani. Serengeti tunafungua paa, vioo viko chini, simba yuko mita tatu. Kule wanakataza hata kioo. Kwa nini?*
*Dereva, Arusha*

Kaka, swali zuri, na jibu linakugusa kuliko msomaji mwingine yeyote.

Simba wa Serengeti ana nafasi. Gari likimkera anaondoka, na huko aendako hakuna uzio. Machoni pake gari na waliomo ni kitu kimoja kikubwa kisicholiwa na kisichomtisha. Simba wa bustani ya gari amezaliwa kati ya magari, anayaona mamia kwa siku, na anajua vizuri kwamba ndani yake wamo watu, kwa sababu chakula chake chote huletwa na watu. Hofu iliyomfundisha mwenzake wa porini kujitenga, yeye hakuihitaji. Mweke huyo katika eneo la ekari chache, na dereva wa siku moja asiyejua kusoma mkia wala masikio, ndipo utaona kwa nini kioo kinafungwa. Wewe unaongoza watu kumi ukiwa na miaka ya mazoea. Kule kila gari lina dereva mgeni.

Honi ndiyo itakayokuchanganya. Kwetu kupiga honi hifadhini ni kosa. Kule honi ndiyo simu ya dharura: ukiipiga kwa mazoea ya kumwamsha simba, unamwita mlinzi. Mwendo pia: Serengeti ukomo ni kilomita 50 kwa saa, kule ukifika 20 umevuka. Na njia ni ya upande mmoja. Uliyempita huwezi kurudi kumtazama, labda bustani iruhusu mzunguko wa pili.

Utayapenda mageti yao. Kila eneo la wanyama wakali lina mageti mawili yanayofuatana, na la pili halifunguliwi mpaka la kwanza limefungwa. Ukiwa katikati kaa karibu na gari la mbele, usiache mkia wa gari lako kwenye geti. Kati ya wala nyasi hutakuta geti bali mabomba ya chuma yaliyolazwa juu ya shimo, gari linapita, kwato haipiti. Kwa faru ingiza ujuzi wako uleule: macho yake ni mabovu, usijipenyeze kati yake na wenzake, na akiwa barabarani unazubaa naye mpaka apende kuondoka.

Ilikuwaje lodi akaleta simba nyumbani kwake?

*Nimesoma kwamba hizi bustani zimo kwenye majumba ya kifahari ya kale. Wenye nyumba walikuwa na wazimu wa wanyama?*
*Mwanafunzi, Tanga*

Walikuwa na madeni, mwanetu. Jumba la Longleat lilijengwa karne ya 16 na Sir John Thynne, na bustani inayolizunguka ilichorwa karne ya 18 na Capability Brown, fundi mashuhuri wa mandhari. Karne ya 20 kodi za mirathi zilipanda mno. Marquess wa Bath wa sita, lodi mwenye jumba hilo, alipomrithi baba yake mwaka 1946, alikuta kodi nzito na paa linalovuja, akaamua mwaka 1949 kufungua jumba kwa umma kwa kiingilio, jambo ambalo wenzake waliliona aibu kabla hawajaliiga.

Mwaka 1966 akashirikiana na Jimmy Chipperfield, mtu wa ukoo wa sarakasi. Wazo la Chipperfield lilikuwa kugeuza zuu ndani nje: watu wafungiwe, wanyama watembee. Majirani walilalamika, lakini magari yalijaa barabara za vijiji. Ikawa bustani ya kwanza ya aina hiyo nje ya Afrika. Windsor ikafuata mwaka 1969, Woburn ya Duke wa Bedford na Blair Drummond ya Uskoti mwaka 1970, Knowsley ya Earl wa Derby mwaka 1971, West Midland mwaka 1973. Si zote zilizodumu: Windsor ilifungwa mwaka 1992, na mahali pale sasa pana Legoland, bustani ya michezo ya watoto.

Tangu Sheria ya Leseni za Zuu ya mwaka 1981, lodi hawezi tena kuweka simba uani na kukata tiketi tu. Anahitaji leseni, wakaguzi, daktari wa mifugo, na mpango wa mnyama akitoroka.

Na usiwadharau wote kwamba walitafuta fedha tu. Woburn ndiko alikookolewa kulungu wa Père David. Alikuwa ametoweka kwao China. Duke wa Bedford wa 11 akakusanya waliobaki katika zuu za Ulaya akawazalisha shambani kwake, na mwaka 1985 kundi likarudishwa China. Neno "safari" walilitoa kwetu, nasi tulilitoa kwa Waarabu. Kulungu angalau walimrudisha.

Baridi, na asiye na gari

*Shikamooni. Mama yangu anakuja kutoka Mombasa mwezi Februari. Naishi Bristol, sina gari. Anataka sana kuona twiga kwenye theluji. Inawezekana?*
*Binti yake, Bristol*

Marahaba. Twiga kwenye theluji usimwahidi mama. Twiga wana nyumba zenye joto, na barafu ikitanda huzuiwa ndani kwa sababu ya miguu yake: kwato zikiteleza, miguu hupanuka pande mbili, na mnyama wa uzito ule akianguka hivyo huenda asiinuke tena. Simba hawajali sana, manyoya ya baridi huwaota na banda la kulala lipo. Chui milia na mbwamwitu hufurahia. Kwao hiyo ndiyo hali ya hewa. Kabla hujalipa, hakikisha pia kwamba bustani iko wazi siku hiyo, maana Februari nyingine hufunguliwa wikiendi na likizo ya shule tu.

Bila gari: panda treni hadi Warminster, kisha teksi, ambayo uiagize siku moja kabla pamoja na ya kurudi. Ndani ya Longleat liko basi la kuzungukia wanyama, tiketi yake ni mbali na kiingilio na viti huisha mapema, kwa hiyo nunua vyote pamoja kwenye tovuti. Mchukulie mama kiti cha dirishani, shali nzito na thermosi ya chai. Na aende msalani kabla ya basi kuanza, kwani kwenye eneo la magari hakuna pa kushukia.

Nendeni asubuhi. Simba hulala hata saa 20 kwa siku. Saa mbili za kwanza baada ya kufunguliwa ndipo wanapotembea kukagua eneo lao, na siku za baridi hukaa macho zaidi kuliko siku za jua.

Kulisha kulungu kwa mkono

*Watoto wameona picha za kulisha kulungu kupitia dirishani. Ni salama?*
*Baba, Milton Keynes*

Pale bustani inapouza chakula na kukuelekeza eneo, ndiyo. Lisha hicho walichokuuzia, pale tu walipoonyesha, na si mkate wa nyumbani: wanga mwingi kwa mkupuo huchachusha tumbo la mnyama anayecheua, na huweza kumuua.

Fungua kioo robo tu. Ukikishusha chote, kichwa kizima kitaingia na pembe zake, kulungu atashtuka, na hapo mtu hubonyeza kitufe cha kupandisha. Vioo vya siku hizi vikibonyezwa mara moja hupanda vyenyewe mpaka juu. Shingo ya mnyama iko kati. Kwa hiyo swichi ikae chini ya kidole cha mtu mzima. Mtoto akunjue kiganja, vidole vimebana, chakula katikati. Kikombe kishikwe kwa mikono miwili, la sivyo kitachukuliwa chote. Mate ni mengi, weka taulo mlangoni.

Mkimaliza, msile kitu mpaka mmeosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jeli ya spiriti haitoshi, kwa kuwa haiui kimelea cha cryptosporidium, kinacholeta kuhara kwa wiki nzima au zaidi kwa watoto. Kama choo kiko mbali, beba dumu la lita 5, kipande cha sabuni na beseni, muoshane kwenye maegesho.